Ombi la likizo halikataliwi, linanyamaziwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa wasomaji nizungumzie jambo ambalo huonekana dogo mpaka siku linapomgusa mtu mwenyewe, nalo ni namna ombi la likizo linavyosafiri kutoka kwa mfanyakazi hadi kwa mwenye mamlaka ya kuliidhinisha, na namna linavyorudi, kama linarudi. Nimefanya kazi ya utumishi kwa miaka mingi katika kampuni zaidi ya moja. Nilizikuta fomu za nakala tatu zenye karatasi ya kaboni, zikaja fomu za kuambatishwa kwenye barua pepe, na katika miaka ya karibuni nimeshiriki kuihamishia kazi hiyo kwenye programu zilezile ambazo ofisi ilikuwa ikizilipia tangu zamani kwa ajili ya barua pepe na majedwali.

Ukilifungua faili la likizo katika ofisi nyingi, utakuta maombi machache sana yaliyokataliwa kwa maandishi. Usidhani ni ukarimu. Ombi la likizo kwa kawaida halikataliwi, linanyamaziwa. Mkuu wa idara asiyetaka kusema hapana, na ambaye hayuko tayari kusema ndiyo, huiacha karatasi ikalala kwenye trei, au barua pepe ikazama chini ya nyingine, na kadiri tarehe inavyokaribia ndivyo mwombaji anavyokosa muda wa kupanga safari, kumtafuta wa kumshikia kazi, au hata kuomba tarehe nyingine. Mwaka ukiisha, siku zake huandikwa kuwa hakuzitumia, kana kwamba ni yeye aliyezikataa.

Wala likizo si fadhila ya mwajiri. Mkataba Na. 132 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1970, unataka likizo ya mwaka isipungue wiki 3 za kazi kwa mwaka mmoja wa utumishi, unazitenga sikukuu zisihesabiwe ndani ya siku hizo, na unabatilisha makubaliano yoyote ya mfanyakazi kuiacha haki hiyo ya kima cha chini. Mkataba huo huo unampa mwajiri nafasi ya kupanga wakati wa likizo, lakini baada ya kushauriana na mfanyakazi, na kwa kuzingatia mahitaji ya kazi pamoja na nafasi za kupumzika alizonazo mtu. Kwa nchi ambazo hazijauridhia, haufungi. Lakini hata pale ambapo haufungi, sijaona ni vipi kumnyamazia mtu kunaweza kuitwa kushauriana naye.

Sasa, kila linapotajwa suala la kuziondoa karatasi, mazungumzo hukimbilia kununua mfumo mkubwa wa rasilimali watu, wenye leseni ya kila mwezi kwa kila kichwa, na mkutano huishia kwenye neno bajeti. Kumbe kampuni nyingi zimekwisha kuvilipia vifaa vinavyotosha. Anayetumia Microsoft 365 ana fomu za mtandaoni, ana orodha za SharePoint za kuhifadhi maombi, ana kalenda ya pamoja, na ana Power Automate, ambayo hadi mwaka 2019 ilikuwa ikiitwa Microsoft Flow, na kazi yake ni kuviunganisha hivyo vyote: ombi likiingia, programu inalipeleka kwa msimamizi kwa barua pepe yenye vitufe vya kuidhinisha na kukataa, inalisubiri jibu, inaliandika kwenye orodha, inamjulisha mwombaji, kisha inaziweka siku zile kwenye kalenda. Anayetumia Google Workspace ana fomu inayomwaga majibu moja kwa moja kwenye lahajedwali, na ana Apps Script ya kuandika hatua zinazofuata, ingawa huko itahitajika mtu asiyeogopa mistari michache ya msimbo. Katika njia zote mbili jambo la kwanza ni kuifunga fomu kwa akaunti za ofisi tu, ili jina la mwombaji lichukuliwe na mfumo wenyewe. Nimeona fomu iliyomwachia kila mtu aandike jina lake kwa mkono, na ikawa hakuna kinachomzuia mmoja kumwombea mwenzake likizo asiyoijua.

Lakini ukivijenga hivyo vyote na ukaliacha suala la ukimya jinsi lilivyokuwa, umebadilisha trei tu. Mfano hai ni huu: mtiririko wa Power Automate, yaani mfululizo wa hatua ambazo programu inaziendesha yenyewe, uliosimama kusubiri idhini hauwezi kusubiri milele; ukifikisha siku 30 tangu uanze, unakatika. Kwa hiyo ombi ambalo msimamizi hakuligusa kwa mwezi mzima halipati ndiyo wala hapana, linakufa tu, na mwombaji asiyejua mambo ya ndani anaendelea kungoja jibu ambalo hakuna tena kitu cha kulileta. Anayejenga mfumo wa namna hii lazima aweke muda wake mwenyewe, mfupi kuliko huo. Sisi tuliamua hivi: siku 2 za kazi zikipita bila jibu, msimamizi anakumbushwa, siku 5 zikipita, ombi linapanda kwa mkubwa wake, likiwa na maelezo ya tangu lini limekaa na limekaa kwa nani.

Wapo walioshauri kwamba ukimya uhesabiwe kuwa ni ridhaa, yaani siku 5 zikipita ombi lijiidhinishe lenyewe. Nililipinga wazo hilo na ninaendelea kulipinga, hata kama linamvutia kila aliyewahi kunyamaziwa. Lindo linaweza kubaki bila mlinzi, na zamu ya usiku bila muuguzi, kwa sababu tu mtu mmoja hakufungua barua pepe zake. Hali kadhalika sikubali mfumo ukatae wenyewe kwa kuwa watu wawili wa idara moja wameomba wiki moja. Ionekane tu kwenye ombi kwamba fulani naye hatakuwapo, kisha msimamizi aamue, na akikataa, fomu isimruhusu kuondoka kabla hajaandika sababu na tarehe anayoweza kuikubali.

Nilidhani wafanyakazi wa kawaida ndio wangeupinga mfumo, hasa wale waliozoea kalamu. Haikuwa hivyo, wao waliuzoea ndani ya wiki mbili. Upinzani ulitoka juu, kwa sababu orodha ya maombi huwa na safu mbili zinazokaa jirani, tarehe ya kuombwa na tarehe ya kujibiwa, na yeyote mwenye ruhusa ya kuisoma anaona umbali uliopo kati yake. Mkuu mmoja wa idara aliniambia, bila mzaha, kwamba mfumo ule unamsema. Nilimjibu kwamba karatasi nazo zilikuwa zikimsema, ila kwa sauti ya chini, korido nzima. Hakucheka, na sikutegemea acheke, lakini maombi ya idara yake yalianza kujibiwa.

Kuna kosa jingine ambalo programu hulifanya liwe rahisi mno, nalo ni kuviweka vitufe vilevile viwili, Idhinisha na Kataa, kwenye kila aina ya likizo. Mgonjwa haombi kuugua. Anatoa taarifa, analeta cheti cha daktari ndani ya muda uliowekwa, basi. Fomu yake imfikie msimamizi kama taarifa ya kumwezesha kupanga kazi, si kama swali linalosubiri hisani yake. Likizo ya uzazi ndiyo zaidi. Mkataba Na. 183 wa Shirika hilohilo la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unaitaja kuwa isiyopungua wiki 14, na katika sehemu nyingi sheria za nchi huiweka kuwa haki isiyo na mjadala. Sasa mama mjamzito anapopokea ujumbe usemao "Ombi lako limepokelewa na linasubiri kuidhinishwa", hata kama hakuna aliyekusudia ubaya, ameambiwa jambo ambalo si kweli. Ni suala la nusu saa kumtengenezea njia yake, lakini anayejenga sharti alifikirie kabla, kwa sababu kompyuta haitalifikiria kwa niaba yake.

Nifike kwenye hesabu ya siku, mahali ambapo ugomvi mwingi wa likizo huzaliwa. Mtu anaomba kuanzia Jumatatu tarehe 1 hadi Ijumaa tarehe 12. Lahajedwali ikiachiwa itoe tarehe moja kwenye nyingine, inaleta 11, kwa sababu kutoa huiacha siku moja ya pembeni. Ukihesabu siku za kalenda ni 12. Ukihesabu siku za kazi kwa ofisi inayopumzika Jumamosi na Jumapili ni 10, na kama katikati yake kuna sikukuu, ni 9. Namba nne tofauti kwa mtu mmoja na tarehe zilezile mbili, na kila moja ina wakili wake ofisini! Excel na lahajedwali za Google zote zina fomula iitwayo NETWORKDAYS.INTL, ambayo inahesabu siku za kazi pamoja na ya kwanza na ya mwisho, inakuruhusu kutaja ni siku zipi za wiki ambazo ofisi yenu hupumzika, na inaondoa sikukuu kwa kufuata orodha unayoipa. Fomula ni ya dakika moja. Kinachochukua muda ni kukubaliana kwanza kama kampuni inatoa likizo kwa siku za kazi au za kalenda, kwani kuna barua za ajira zinazosema "siku 28" bila neno linalofuata, na wafanyakazi wawili wanaokaa meza moja wakawa wamezielewa kwa namna mbili kwa miaka kumi.

Ile orodha ya sikukuu nayo haijiandiki. Sikukuu zinazofuata mwandamo wa mwezi huja mapema zaidi kwa takriban siku 11 kila mwaka katika kalenda ya kawaida, na mara nyingine siku yenyewe hujulikana usiku wa kuamkia, wakati likizo ya mtu imekwisha kuidhinishwa na salio lake kupunguzwa. Lazima awepo mtu wa kuisahihisha orodha na kumrudishia mfanyakazi siku yake, na mtu huyo awe anajulikana kwa cheo. Tuliwahi pia kuhangaika na likizo zilizoombwa kuanza tarehe 1 zikaingia kwenye kalenda kuwa zimeanza siku ya mwisho ya mwezi uliotangulia, na mwanzoni tukamshutumu kila mtu kwa kutojaza fomu vizuri. Sababu ilikuwa kwamba programu nyingi za namna hii hutunza muda kwa saa za dunia, si kwa saa za mahali ulipo, na kwa aliye mashariki ya mstari wa Greenwich usiku wa manane wa kuamkia tarehe 1 bado ni tarehe ya jana kwa saa hizo. Dawa yake ni kuibadili saa kuwa ya mahali kabla ya kuandika tarehe popote, au kuichukua tarehe peke yake bila saa. Niliwaomba radhi wenzangu.

Salio lina mtego wake. Mwenye siku 10 zilizobaki anaomba siku 8 Jumatatu, na Jumanne, kwa nia njema au vinginevyo, anaomba siku 6 za mwezi mwingine. Kama mfumo unapunguza salio pale tu ombi linapoidhinishwa, basi yote mawili yanapita ukaguzi, maana kila moja linapotazama linaona 10. Siku zinazosubiri jibu zinapaswa kushikiliwa kando, na fomu imwonyeshe mwombaji namba tatu: alizonazo, zinazosubiri, na anazoweza kuomba. Kwenye karatasi karani mzoefu alilijua hilo kichwani na kumwambia mtu palepale dirishani, "Una ombi jingine hapa, mwenzangu". Ujuzi wa namna hiyo ndio unaopotea tunapohama kwa pupa, kwa sababu haukuwahi kuandikwa popote. Ndiyo maana ninamshauri anayeanza amketishe karani huyo kwa siku nzima kabla ya kuigusa kompyuta, na kumuuliza ni mambo gani huwa anayakataa na kwa nini.

Kuna maswali mengine ambayo karatasi ilitusamehe. Msimamizi mwenyewe akiomba likizo, ombi linakwenda kwa nani? Nimeona mtiririko uliosoma jina la mkuu wa idara kutoka kwenye jedwali, ukakuta mwombaji ndiye mkuu wa idara, ukamtumia ombi lake mwenyewe, naye akaliidhinisha, na kumbukumbu zote zikaonyesha kwamba utaratibu umefuatwa. Msimamizi akiwa likizoni, je, maombi ya watu wake yanamngoja arudi? Anayekaimu lazima aandikwe kwenye mfumo siku ileile mwenye nafasi anapoondoka, na njia nyepesi ni kulifanya jina la kaimu kuwa sehemu ya lazima ya fomu ya likizo ya kila msimamizi, ili asiweze kuomba bila kumtaja.

Wasio na barua pepe ya ofisi, yaani madereva, walinzi, wahudumu wa usafi na wengi wa kiwandani, wasisahauliwe. Mara nyingi hao ndio walio wengi na ndio wanaonyamaziwa zaidi, na mfumo unaowaacha nje unaongeza tabaka jingine ofisini. Kwa hao tuliibakiza fomu ya karatasi, karani akaiingiza kwenye mfumo mbele ya mwenyewe na kumpa namba ya ombi, na saa za siku 2 na siku 5 zikaanza kuhesabika kama kwa mtu mwingine yeyote. Kuhusu siri nitasema moja tu: kalenda ya pamoja iandike kwamba fulani hayupo, basi. Isiandike kwamba anaumwa, anauguza au ameomba likizo bila malipo, na cheti cha daktari kikae mahali ambapo ofisi ya utumishi peke yake inaweza kukifungua.

Nimalizie na kisa kilichonifundisha kuliko mafunzo yote niliyohudhuria. Katika kampuni mojawapo niliyofanya kazi, mfumo wa likizo ulijengwa na kijana mmoja hodari, kwa akaunti yake mwenyewe, jioni baada ya saa za kazi. Ulifanya kazi vizuri kwa zaidi ya mwaka. Kisha akapata ajira kwingine, akaagwa, na kwa mujibu wa taratibu za usalama akaunti yake ikafungwa. Mtiririko uliojengwa kwa ruhusa za mtu hutegemea ruhusa hizo, na zilipoondolewa, maombi yaliendelea kuingia kwenye fomu, fomu ikaendelea kusema asante, na hapakuwa na kitu chochote kilichokuwa kikiyapeleka mbele. Ilichukua siku 9 za kazi kugundua. Hakuna aliyelalamika kabla ya hapo, kwa kuwa kila mwombaji alidhani ananyamaziwa na mkubwa wake, kama zamani.

Tangu hapo sikubali mfumo wa likizo uwe mali ya akaunti ya mtu. Unawekwa kwenye akaunti ya ofisi, wenye ruhusa ya kuurekebisha wanakuwa wawili wa idara tofauti, taarifa za hitilafu zinakwenda kwenye sanduku la pamoja ambalo lina zamu ya kusomwa, na kanuni zote, kuanzia hesabu ya siku hadi nani anamkaimu nani, zinakuwa zimeandikwa kwenye kurasa za kawaida zinazosomeka hata na asiyejua programu hiyo inaitwaje mwaka huu. Na kila Jumatatu saa za asubuhi karani wetu hutuma ombi la majaribio la siku moja kwa jina la akaunti hiyo ya ofisi. Ikifika mchana ombi hilo halijaonekana kwa msimamizi wa zamu, tunasimamisha mengine na kwenda kutazama limekwama wapi.

Wako,
Ofisa Utumishi